Alama ya Kutoa Nje ya Mabano

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Nilikuwa darasa la saba hapa Muhuru Bay, na nyanya aliyenilea, tuliyemwita Dani, alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni juu ya nyavu kuukuu. Aliitwa kanisani asubuhi, akaniachia kazi moja tu: jua likifika utosini nigeuze omena zote, upande wa chini nao ukauke.

Mimi nilikuwa na daftari kifuani. Shule yetu ilikuwa ikichagua wanafunzi watatu wa kwenda mashindano ya hesabu Migori mjini, na hakuna msichana aliyewahi kuchaguliwa. Mwalimu alikuwa ameniambia wazi, "Akinyi, kichwa unacho, lakini Jumatatu ukikosea tena swali la mabano, utabaki." Basi jua lilipofika utosini niligeuza omena za mbele, zile zinazoonekana kutoka njiani, nikarudi kivulini kwa hesabu zangu. Nilijiona mjanja kweli! Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Dani akarudi. Aliinama, akatia mkono katikati ya nyavu, akainua konzi. Chini zilikuwa bado na maji, zimeanza kunuka.

"Hii sasa ni chakula ya kuku," akasema.

Samaki mmoja akioza huoza wote, kwa hiyo hata zile nilizogeuza hazikufaa. Nilingoja kiboko. Badala yake alichukua daftari langu akalifungua. Hakujua kusoma, lakini wino mwekundu aliuelewa.

"Hapa mwalimu amekata nini?"

"Dani, kukiwa na alama ya kutoa nje ya mabano, kila kitu ndani kinageuzwa. Cha kujumlisha kinakuwa cha kutoa, cha kutoa kinakuwa cha kujumlisha. Mimi nageuza cha kwanza, halafu vingine nasahau."

Akalifunga daftari. "Wewe si mjinga, nyakwara, mjukuu wangu. Wewe hutaki kuinama. Unageuza ya mbele, unaachilia ya nyuma, huku kwa omena na huko kwa kitabu."

Mwanangu, niliumia. Afadhali angenichapa, maana alichosema kilikuwa kweli tupu. Jioni yote nilirudia maswali yale, kidole kikigusa kila kilichomo ndani ya mabano kabla kalamu haijaandika. Jumatatu sikukosea hata moja, nikachaguliwa.

Kule Migori tulifungana pointi na shule nyingine, likabaki swali moja, kila shule imtoe mtu wake ubaoni. Wavulana wetu wawili walitazamana. Nikasimama mimi. Swali lilisema: rahisisha 9x − (4x − 3y + 2).

Mvulana wa upande wa pili alimaliza upesi, akaandika 5x − 3y + 2, na watu wake wakampigia makofi. Mimi nilienda pole. 4x ikawa ya kutoa. Ile 3y iliyokuwa ya kutoa ikawa ya kujumlisha. Ile 2 ya mwisho, ambayo zamani ningeiacha, nikaigeuza nayo ikawa ya kutoa. Kisha tisa toa nne za x zikabaki tano. 3y na 2 sikuziunganisha, kwa kuwa hazifanani. Nikaandika 5x + 3y − 2, nikaweka chaki chini.

Mwamuzi akanyanyua mkono wangu! Dani, aliyekuja na kitambaa chake cha kanisani, alipiga vigelegele mpaka akaombwa anyamaze, naye hakunyamaza. Nilicheka na kulia papo hapo. Nimefundisha hesabu mpaka nikaota mvi, na sijapata furaha ya kuishinda ile.

Kwa hiyo sikia, wewe unayeanza aljebra leo. Ukiona alama ya kutoa mbele ya mabano, usikimbilie jibu. Geuza kila kilichomo, hata kile kidogo cha mwisho. Vinavyofanana vikusanye, visivyofanana viache, usivilazimishe ndoa. Ukikosea, usijiite mjinga; tafuta kwanza mahali ulipochoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama mpaka mwisho hana wa kumwonea haya, awe msichana au mvulana.

Mungu akupe subira ya kufika mwisho wa mstari, na siku utakapoitwa mbele ya watu, usimame wima. Nyasaye ogwedhi, Mungu akubariki, mwanangu.