Blanketi Lililokuwa Zuri Mno

Rafiki yangu alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu. Kwa hiyo alipojifungua wa tatu, miezi haijatimia, katikati ya msimu wa kuvuna pamba, hakuna aliyepiga vigelegele. Walipotoka hospitali pale Bariadi, nesi aliwaambia jambo moja tu: huyu akipata baridi, mtamkosa. Mimi nikaamua kwamba hapati baridi.

Kwetu vitu vya mtoto havishonwi akiwa bado tumboni, ni mkosi, ndiyo maana sikuwa na kitu tayari; nilianza siku ileile niliyopata habari hiyo. Wakati huo mitumba ilikuwa imeruhusiwa tena, inamwagwa chini mnadani, na watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini wenye nguo walifia huko. Nilichagua mashati ya wanaume yenye kola zilizolika lakini migongo mizima, na pazia moja la maua. Nikayachemsha kwa sabuni, nikayaanika, nikakata vipande vya mraba.

Pamba ya kujaza niliitoa ndani kwetu. Mume wangu aliilinda kuliko hata ng'ombe, maana wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita na malori yao, kila mmoja anataka auziwe yeye. Aliponikuta nimejaza beseni aliuliza kama siku hizi tunakula pamba. Nikamwambia basi akanunue blanketi. Akaondoka amenuna. Jioni akarudi, akaketi, akaanza kuchambua mbegu pamoja nami. Kila mbegu ilibidi itolewe kwa vidole, kwani ukiziacha hata chache panya watatoboa kitambaa kuzifuata, na panya karibu na kichanga ni balaa. Vidole vilituwaka moto.

Nilishona kwa mkono, cherehani yangu haikuweza unene ule. Katikati niliweka kipande kipya chekundu, nikadarizi ndege mwenye mkia mrefu. Nilijiona fundi, sifichi.

Asubuhi nilipolipeleka, mama mkwe wa rafiki yangu alinipokea mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, nikakunjua blanketi.

Uso wake ukabadilika. "Mtoto ambaye wenzake wamekufa hapambwi. Ukimpamba, kifo kinamwona. Huyu alale kwenye matambara, ionekane hatumjali. Rudi nalo, ng'wanawane, mwanangu."

Niliingia kwanza kumwona rafiki yangu; alikuwa amejikunja na mtoto kifuani, wamefunikwa khanga moja kuukuu. Niligusa miguu ya yule mtoto. Ilikuwa ya baridi kama ya chura. Hasira ikanipanda hadi masikioni, na maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangenifanya nisikanyage tena nyumba ile. Nikayameza. Nikarudi mlangoni, nikaketi chini mbele ya yule mama.

"Mayu, haya ni nini kama si matambara? Pazia hili lilitupwa. Shati hili mwenyewe kafa Ulaya. Kifo kilishapita hapa, kitarudi kutafuta nini?"

Akapitisha kidole juu ya viraka, kimoja kimoja.

"Na huyo ndege?"

Nikaomba wembe. Nikafumua kipande chekundu chote, na roho iliniuma hasa. Pamba ikachungulia kwenye tundu. Yule mama aliingia ndani, akatoka na kipande cha gunia na sindano kubwa ya kufungia magunia ya pamba, akaketi kando yangu na kukishona mwenyewe, mishono mirefu, imepinda makusudi. Blanketi likawa baya kabisa.

"Sasa sawa," akasema.

Tukamfunika mtoto palepale kifuani kwa mama yake. Mama mkwe akaenda jikoni kukoroga uji, mimi nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda. Muda ukapita. Rafiki yangu akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa, akautazama, akauingiza tena. Nikadhani mtoto bado ni wa baridi, nikainuka nikatafute mkaa.

Akanidaka gauni.

"Anatoka jasho," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akalia.