Biskuti za kupima nusura ziniulie Popi: ulizeni mfuko wake!

Wakuu, marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana wengi humu najua ni wajukuu zangu. Shule niliishia la nne, mtanivumilia, ila haya nimeyaona kwa macho yangu.

Nakaa Kibamba, mie mjane. Mlinzi wangu ni mbwa, Popi. Akibweka, mwizi anapita mbali.

Sasa Elibariki, mwenye duka la vyakula vya mifugo, akaleta biskuti za mbwa. Mie kila kitu nanunuaga cha kupima: sukari, unga, mafuta. Nikamwambia nipimie. Akachota kwenye mfuko mkubwa, akanifungia kwenye gazeti.

Popi alizipenda huyo! Nikawa nampa asubuhi na jioni, akinitazama naongeza konzi.

Mara akalegea. Habweki. Mkojo rangi ya kahawa.

Nikamwita Dokta Neema wa mifugo. Akamfunua mdomo, fizi nyeupe kama unga wa muhogo.

"Bibi, anakula nini huyu?"

"Biskuti."

"Pakti yake imeandikwa nini?"

Wakuu, pakti ipi? Gazeti lilikuwa na habari za mpira.

Dokta akaanza tiba, akanituma nikautafute ule mfuko. Nikatoka na jirani yangu Bi Mwanahawa, mtu wa Lindi. Popi hamgusi kwa ajili ya dini yake, lakini njiani yeye ndiye aliyetangulia: "Mama Godi, kaza mwendo, kiumbe kinateseka!"

Elibariki akacheka. "Bibi, siku hizi mbwa anasomewa menyu?"

"Toa mfuko wewe," Bi Mwanahawa akamwambia, "meno utatuonyesha baadaye."

Mfuko una maandishi ya kigeni, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Nikajua tumekwama. Bi Mwanahawa akaelekeza kamera ya simu.

Jamani! Yale maandishi yakageuka Kiswahili kwenye kioo cha simu tukiyatazama. Kiswahili cha kuchechemea, lakini Kiswahili.

Ngano. Mafuta ya kuku. Unga wa kitunguu.

Tukampigia dokta. Akasema ndicho hicho, kitunguu kinavunja damu ya mbwa, hata kikiwa kikavu.

Kitunguu hiki hiki ninachokaangia mchicha tangu niolewe! Mungu ameumba miili, wakuu. Chakula cha huyu ni sumu ya yule, na wote tunakula jiko moja.

Biskuti nikazitupa, tukabaki kungoja damu irudi. Elibariki naye, nisimsengenye, mfuko aliuondoa siku ile ile, akawa anapita kumjulia hali mgonjwa. Siku Popi alipombwekea mpaka akaparamia ukuta, nilicheka huku nalia.

Funzo: cha kupima hakina maelezo. Ombeni mfuko wenyewe, simu isome. Mkiona kitunguu, kitunguu saumu au jina msilolijua, muulizeni daktari wa mifugo kwanza. Hata makombo ya mchuzi angalieni.

Ila kinachonishangaza mpaka leo ni hiki: zilikuwa zinammaliza, naye kila asubuhi anakuja mbio, kwa sababu tu zinatoka mkononi mwangu.

Wafugaji semeni, wa kwenu mnawapa nini? Mwenye "mbwa ni mbwa tu" apite kimyakimya.