Shahidi wa Kona ya Makazi

Katika ushirika ule viti hupangwa mduara, ili pasiwe na wa mbele wala wa nyuma. Wazo zuri, na aliyelitoa bila shaka hakuwa na kitu cha kuficha. Fundi, mwanamke mshona nguo, alikuwa akiyatamani makanisa ya watu wengine, yale yenye mabenchi marefu na nguzo nene, ambako mtu anaweza kukaa nyuma ya nguzo akasinzia na Mungu wake kwa amani. Kwenye mduara hakuna nguzo. Ukipiga mwayo, watu wanakuona hadi kilimi.

Walikuwa watu wema, hilo lisemwe mapema. Hawakumuuliza mtu anaamini nini kabla hajapewa chai. Aliyeachika, aliyehama dini, asiyejua kama Mungu yupo au amesafiri, wote walikuwa na kiti. Mahubiri yalikuwa mafupi, na baada yake ruhusa ilikuwepo ya kumbishia mchungaji, naye alishukuru kwa kubishiwa. Na kila mwaka walichagua jambo moja la haki, moja tu, ambalo ushirika mzima ungelisukuma: wakili wao, magari yao, marafiki zao walioko maofisini.

Uchaguzi haukuwa wa karatasi. Kila jambo lilipewa kona yake ya ukumbi, na kwenye kona alisimama shahidi, mtu aliyeguswa na jambo lenyewe. Shahidi akishasema yake, watu waliinuka vitini na kutembea hadi kwenye kona iliyowaingia moyoni. Kona iliyojaa ndiyo iliyoshinda.

Kona ya makazi, ile iliyo kati ya dirisha bovu na piano isiyopigwa, ilikuwa ya Fundi. Alikuwa amesimama pale kwa miaka mingi kiasi kwamba mgeni angeweza kumtundikia koti.

Hadithi yake kila mtu aliijua. Mumewe alipofariki, ukoo ulikaa kikao ukaamua kwamba nyumba ni ya ukoo, na mdogo wa marehemu, ambaye ni seremala, akatumwa kwenda kubadilisha kufuli. Fundi alitoka kununua uzi, mtoto mgongoni, akarudi akakuta mlango umefungwa na cherehani yake iko nje mvuani. Ushirika ukamsikia. Wakili wa ushirika akaingia, kesi ikaenda ikarudi, na nyumba nayo ikarudi. Mwaka ule makazi yalishinda. Yakashinda na mwaka uliofuata, na uliofuata, kwa sababu wajane wengine walijitokeza, na kwa sababu hakuna aliyeweza kushindana na cherehani ile mvuani. Shahidi wa miti alikuja na picha za mito iliyoziba kwa plastiki. Shahidi wa wafungwa alikuja na takwimu, maskini. Watu walitikisa vichwa kwa heshima, halafu wakaenda zao kwa cherehani.

Lakini hadithi hiyo ilikuwa na mapengo mawili.

Pengo la kwanza lilikuwa turubai. Cherehani ilikuwa mvuani, ni kweli, ila ilikuwa imefunikwa turubai la bluu, limekunjwa vizuri chini na kufungwa kamba, kazi ya mtu anayejua mashine ni kitu gani. Mara ya kwanza Fundi alilitaja. Mwenyekiti wa kamati ya haki akamvuta pembeni. Huyu alikuwa mhadhiri mstaafu, na watu walimwita Mama Ajenda kwa sababu hata sherehe ya kuzaliwa kwa mjukuu wake ilikuwa na ufunguzi, yatokanayo na mengineyo.

"Mwanangu, hilo la turubai tuliache," alisema. "Si kwamba tunadanganya. Tunafupisha."

Basi likafupishwa. Na nguo ukiifupisha kila mwaka, siku moja utagundua umebaki na kola.

Pengo la pili lilikuja baadaye, likiwa limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Shemeji, yule yule seremala, alitokea na suruali kwenye duka la Fundi la kushonea, akasema ni ndefu. Fundi akaipima. Haikuwa ndefu. Akapiga magoti hata hivyo, akaanza kuikunja pindo, pini zimemjaa mdomoni, na shemeji akiwa amesimama juu ya kigoda kama mtoto anayepimwa sare ya shule, akasema, "Shemeji, nilikosa. Wakubwa walinituma, lakini mkono ulikuwa wangu." Fundi hakuweza kujibu, mtu mwenye pini mdomoni hajibu kitu. Aliendelea kukunja. Suruali alipoirudisha, aliirudisha imefungwa ndani ya lile turubai la bluu, ambalo alikuwa amelitunza bila kujua analitunzia nini. Wakaelewana.

Tangu hapo shemeji ndiye aliyeziba paa lililovuja, na ndiye aliyempeleka mtoto shule kwa baiskeli. Mvua ikinyesha, mtoto alifunikwa turubai huko nyuma, akawa anaimba humo ndani kama redio iliyofunikwa.

Mtoto huyo walimwita Kasuku, kwa sababu ukisema neno mbele yake umelitangaza. Aliambiwa tu kwamba baba yake alipokufa walipata misukosuko. Siku za ushuhuda watoto walikuwa na darasa lao chumba cha nyuma, wakipaka rangi, kwa hiyo Kasuku alikuwa hajawahi kuisikia habari ya kufuli.

Mwaka huu darasa likaunda kwaya.

"Mama, tunaimba mbele ya watu wote, halafu tunabaki, mwalimu amesema tumekubaliwa kupiga kura na sisi," Kasuku alisema, mdomo umejaa mkate. "Na nimemwalika baba mdogo."

"Umemwalika lini?"

"Leo asubuhi, kwenye baiskeli. Amesema atavaa ile suruali yake nzuri."

Fundi akakata uzi kwa meno, akaukata tena pasipohitaji kukatwa.

Jirani yake pale dukani alikuwa msusi, waligawana chumba kwa pazia, na hakuna siri inayopita kwenye pazia bila kusukwa.

"Si uugue," msusi alishauri akiwa upande wake, mikono kichwani mwa mteja.

"Mwaka juzi niliugua kweli. Wakanifuata nyumbani na maikrofoni."

"Basi hama dini."

"Wenzangu wanapokea watu wa dini zote. Nitahamia wapi ambako hawatanikaribisha?"

"Wewe mwenzangu umefungwa na watu wanaocheka," msusi alisema. "Hao ndio hawana funguo."

Mteja akacheka hadi akavutwa nywele.

Mama Ajenda alifika dukani siku chache kabla ya siku ya ushuhuda, akiwa na vitambaa vya sare za kwaya, maana kazi zote za kushona za ushirika zilikuja kwa Fundi. Huo nao ulikuwa wema. Ukiuhesabu wema wa watu wale, ulikuwa umezunguka kuta zote nne.

"Mama, nilikuwa naomba mwaka huu nipumzike," Fundi alisema akiwa anapima kitambaa, asimtazame.

"Umechoka, mwanangu. Na kuchoka ni haki yako." Mama Ajenda alimshika bega. "Tena tuliingize hilo kwenye ushuhuda. Uchovu wa waathirika. Watu hawaliongelei."

"Shemeji yangu atakuwepo. Tumeshapatana muda mrefu. Na mtoto atakuwepo, hajui kitu."

Mama Ajenda alivua miwani. Macho yakawa yanang'aa kwa namna ambayo Fundi aliijutia papo hapo.

"Unadhani atakubali kusimama?"

"Mama, nakuomba. Asimame wapi?"

"Sawa, sawa. Hatumlazimishi mtu." Akavaa miwani, na sauti ikashuka. "Lakini nisikilize. Yule bibi mjane aliyetolewa nyumbani kwake mwaka huu analala jikoni kwa jirani yake, na kesi yake iko katikati. Makazi yakishindwa, wakili anahamia kwenye miti. Nenda ukamwambie wewe, mimi sina mdomo huo."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kama Mama Ajenda angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi, mtu anamgeuzia mgongo, yameisha. Lakini alisema kweli, na machozi yalikuwa ya kweli. Fundi alimfahamu yule bibi; alikuwa amemshonea gauni pekee alilobaki nalo.

"Jambo moja dogo," Mama Ajenda alisema akiwa ameshafika mlangoni. "Lile gauni lako la maua."

"Nimelishona mwenyewe."

"Limekupendeza mno. Ndilo tatizo lenyewe."

Siku ikafika. Fundi alivaa gauni lililofifia, lile la kazi hiyo. Kwaya iliimba vizuri, yaani ilianza pamoja na ikamaliza karibu pamoja. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mduara, suruali imenyooka, mikono juu ya magoti kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno, na kwa kuwa duara ni duara, alikuwa ametazamana na kona ya makazi uso kwa uso. Kasuku alienda kukaa miguuni pake.

Shahidi wa miti akasema. Shahidi wa wafungwa akasema, akaanza na asilimia, akaishia na asilimia. Kisha mchungaji akamwinamia Fundi kwa upole, na ukumbi mzima ukamgeukia, nyuso zile nzuri, zilizokwisha kuhuzunika tayari.

Alianza alipozoea kuanzia. Mume. Msiba. Uzi. Mtoto mgongoni. Midomo ya watu wawili watatu ilikuwa ikienda pamoja naye, kama kwenye sala. Kufuli. Shemeji aliinamisha macho akatazama pindo la suruali yake. Kasuku alikuwa ametoa macho, kwa sababu aliyeko mgongoni ni yeye.

"Na cherehani yangu," Fundi alisema, "ilikuwa nje mvuani."

Mtu akavuta pumzi. Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza. Aliachiwa nafasi ya kunyamaza.

"Imefunikwa turubai. Aliyefunga mlango ndiye aliyeifunika, akaifunga na kamba isipate hata tone. Alikosa kunifukuza, na alikuja mwenyewe kuniambia amekosa, bila kuitwa na wakili wala mchungaji. Nilimsamehe. Msinisikitikie kwa hilo. Nyumba ninayo. Yule bibi ndiye hana, chagueni makazi kwa ajili yake. Mimi nimemaliza."

Kwa muda mfupi Fundi alihisi kitu kinalegea kifuani, kama mshono unaofumuliwa vizuri.

Mama Ajenda akainuka, kitambaa machoni.

"Asante, mwanangu." Akageukia watu. "Mmesikia, ndugu zangu? Miaka yote hii, na bado anamtetea. Uonevu hauishii kwenye kufuli. Unaingia hadi kwenye ulimi wa mtu."

"Simtetei, Mama. Nasema kilichotokea."

"Ndiyo," Mama Ajenda alisema kwa huruma isiyo na mwisho. "Ndivyo hivyo hivyo."

Mtu mmoja akaanza kulia, na kilio chake kikafungulia vingine. Viti vikasukumwa. Walikuja wote, kama maji yaliyopata mtelemko: wazee, kwaya, mpiga gitaa. Shahidi wa wafungwa aliiacha kona yake mwenyewe. Wa miti alibaki peke yake na picha zake, akasita, akaja naye.

Shemeji alikuwa bado amekaa. Aliyekaa karibu naye, mwalimu wa hesabu mwenye sweta, alimgusa kiwiko. "Twende, mgeni wetu. Hakuna kulazimishana hapa. Ila ukibaki peke yako, watu watakuja kukuuliza kama uko salama."

Akaja. Kasuku alimvuta mkono, akampitisha katikati ya watu, na watu wakawapisha kwa tabasamu, wakawapisha tena, mpaka wakafika ukutani kabisa, alipokuwa Fundi. Nyuma yao umati ukajifunga. Piano upande huu, ukuta upande ule, na migongo.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," alijibu Fundi.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesukumwa hadi pale pia, na kwa kuwa ni mtu mstaarabu asingeweza kusimama karibu hivyo na mgeni bila kumsemesha. Alimwinamia sikioni, kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia.

"Huyo shemeji yake, ningependa siku moja nikutane naye uso kwa uso."

"Mimi pia," alisema seremala.

Kasuku alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, mkono mmoja kwa mama, mwingine kwa baba mdogo. Marehemu alikuwa na mdogo mmoja tu duniani, na mtoto si mjinga.

"Baba mdogo. Ni turubai letu lile? La baiskeli?"

"Ni lile lile."

Fundi alisubiri. Mtoto aliyewahi kutangaza darasa zima kwamba mchungaji ana tundu kwenye soksi hakusema neno. Aliutazama mkono alioushika, ule mkono mkubwa wenye kovu la msumari. Hakuuachia, wala hakuukaza tena kama alivyokuwa ameukaza.

Kutoka mbele, juu ya vichwa, ikasikika sauti ya Mama Ajenda ikisema makazi yamepita, asante Mungu kwa wenye Mungu, na kwamba kamati ilikuwa na pendekezo: dada yetu awe shahidi wa kudumu wa ushirika, ili asiombwe tena kila mwaka kama mgeni. Makofi yakajaa kona yote. Bibi aliyelala jikoni angekuwa na wakili wake. Hata hilo Fundi alilifurahia, na furaha yenyewe ikawa inambana mbavu.

Kulikuwa na joto. Aligeuka akalisukuma dirisha kwa kiganja, kisha kwa bega.

Shemeji alinyoosha mkono uliokuwa huru, akapapasa fremu toka juu hadi chini, kama anavyopapasa mbao zote.

"Limevimba," alisema. "Linatengenezeka, lakini si leo."