Nilijua Chaneli ya Nne Ina Kelele

Kosa ni langu, na sijamwambia mtu hapa Gisenyi. Niliishia darasa la sita na naandika barua hii polepole, mnivumilie.

Niko kikosi cha zimamoto. Nachaji redio za mkononi na kuwagawia wenzangu kabla hawajapanda gari. Zamani mimi ndiye niliyepanga nani aongee chaneli gani, na kila redio niliifunga kitambaa cha rangi ya chaneli yake. Ilikuwa kazi ndogo, lakini yangu.

Tulipopata gari la pili, shefu, mkuu wetu wa kikosi, akampa kazi hiyo Safina, dada mgeni aliyekulia Tanzania. Alichora mpango mpya, akaubandika ukutani. Vitambaa vyangu alivikata kwa mkasi huku akiniomba radhi. Ile adabu yake iliniuma kuliko matusi.

Hamza, rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja, akasema mbele ya wote, "Bon, huyu dada iko na akili. We na vitambaa yako ulikuwa unatuvalisha kama bibi harusi."

Walicheka. Safina hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Kaka, redio hizi unazijua kuliko mimi. Kuna mahali nimekosea?"

Palikuwepo. Wanaoingia ndani ya moto alikuwa amewapa chaneli ya nne. Mimi sikuwahi kuitumia, kwa sababu asubuhi za soko wabeba mizigo wa upande wa Goma wanaongea humo humo kwa redio zao, na sauti zao zinavuka mpaka hadi kwetu.

Nikamjibu, "Hapana dada, iko sawa."

Nilitaka aumbuke siku ya mazoezi. Lakini mazoezi yalifanyika Jumapili jioni, mpakani kumetulia, kila neno likasikika. Shefu akampongeza. Nikanyamaza tena.

Jumanne asubuhi, siku ya soko, duka la magodoro likashika moto. Hamza akaingia. Shefu alisimama karibu nami, redio sikioni.

"Papa Jojo, leta viazi huku, harakisha!" ilisema redio.

"Nani anasema viazi?" shefu akauliza.

Chini ya sauti ile nilimsikia Hamza. "Maji imekatika... mi iko kwa ngazi..." Kisha viazi tena.

Shefu hakumsikia. Mimi nilimsikia, na mdomo wangu ukakwama, kwa sababu kusema kungeonyesha kwamba nilijua. Niliposema yuko kwenye ngazi, moshi ulikuwa umeshajaa mlangoni.

Walimtoa hai, mikono yote miwili imeungua.

Safina alisema mpango ulikuwa wake, basi. Hakunitaja kabisa. Akaondolewa, nami nikarudishiwa kazi niliyoililia. Kila nikiishika redio natamani kuitupa.

Jioni namlisha Hamza, maana vidole vyake havikunjiki. Juzi akaniambia, "Yule dada karibu aniue. We ungejua, ungesema, si ndiyo?"

Nikamtilia tonge lingine mdomoni.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amechukua nafasi yako na roho inakuchoma, acha ikuchome tu. Lakini akikuuliza kama amekosea, mwambie hapo hapo. Anayeumia huenda asiwe yeye.

Kesho nitamwambia Hamza kwa mdomo wangu, kabla mtu hajamsomea barua hii. Halafu nitakwenda kwa shefu nikalisafishe jina la Safina. Sijui kama jioni Hamza atakubali kula kutoka mkononi mwangu.