Kiti cha Mwenyeji

Kassian alivua samaki kwa miaka ishirini, kisha akapigia watalii kasia kwa miaka sita, na mto ulikuwa uleule wa Kilombero. Mgeni akitaka kumwona sheshe, yule swala wa manyoya ya dhahabu anayependa majani mabichi ya bondeni, anaambiwa amtafute Kassian wa Mchombe. Naye hakuwa mtu wa kukataa sifa.

Utaratibu wa utalii ule ulikuwa mkali, na sehemu ya ukali huo aliileta mwenyewe. Kamati ya kijiji ilipokaa kupanga hifadhi, iliwaomba wavuvi wataje mahali ambapo sheshe wangeachiwa wazalie bila bughudha. Wenzake walitaja mabwawa yasiyo na samaki, wajanja wale. Kassian akataja kambi yake mwenyewe ya kiangazi, ng'ambo ya mto. Hapo ndipo alipomzika Agnella, binti yake wa miaka minne, aliyeshikwa na homa wakiwa kambini akafariki kabla mtumbwi haujafika popote penye daktari. Alitaka mahali pale pasikanyagwe na ng'ombe wala pasilimwe mpunga. Habari ya kaburi hakuisema, kwa sababu angeisema angelia, na kulia mbele ya wavuvi wenzake aliona aibu. Aibu yenyewe ndogo tu, lakini tazama ilichomfanyia.

Kamati ikaichagua kambi hiyo, ikatoa masharti: mitumbwi minne kwa siku, abiria watatu kila mtumbwi, hakuna kuwasha moto, hakuna kushuka. Hata mpiga kasia asishuke.

Kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Wakatoliki wa bondeni hushika majembe wakaenda kusafisha makaburi ya watu wao. Domitila, mkewe Kassian, alibaki nyumbani. Mwaka wa kwanza alimwomba mumewe ampeleke kwa siri, na mwaka wa pili akamwomba tena. Kassian akakataa. Alikuwa amewaripoti wavuvi wawili kwa kushuka kulekule; akishuka yeye, nani tena atafuata masharti? Alikuwa na haki, na haki yake hiyo ilimtesa mwanamke yule kwa miaka sita.

Kulikuwa na kiti kimoja cha mwenyeji kila wiki, kwa zamu, ili wanakijiji nao waone wanachokihifadhi. Mwaka huu zamu ya Domitila ikaangukia Novemba. Alivaa kitenge chake cha kanisani akakaa mbele, na nyuma yake wageni wawili na kamera zao. Jembe hakubeba.

Walipofika usawa wa kambi, Kassian aliacha kupiga kasia. Miaka yote alikuwa akipita hapo amegeuza uso, akiwaonyesha wageni viboko wa upande wa pili. Leo ndiyo mara ya kwanza kupatazama. Matete yalikuwa yamempita mtu kimo. Chanja za kukaushia samaki hazikuwepo, msalaba wa mti haukuwepo, na mafuriko yalikuwa yamekula kipande kizima cha ukingo.

"Ni wapi, Baba Agnella?" Domitila aliuliza.

Hakujua. Alitafuta kwa macho juu na chini, na hakujua. Penye uwazi kidogo alisimama sheshe jike na mtoto wake. Kassian akanyoosha kasia.

"Pale. Aliposimama yule mama."

Domitila akafanya ishara ya msalaba. Alisali, kisha akamwambia mwanawe taratibu kwamba mama amefika, na asimkasirikie baba yake. Wageni walipiga picha zao. Alipomaliza alimgeukia mumewe, uso umelowa machozi, akamshukuru. Akasema zamu yake ikirudi hatamsumbua tena, atajua mwenyewe pa kutazama.

Kassian akaitikia kwa kichwa. Akaanza kutafuta alama yoyote ya kukumbukia mahali pale, maana sheshe walikuwa wameshahama.