Jinsi Neno Fiti Lilivyoingia Nyumbani Kwangu

Siku hizi kila kitu ni fiti. Wajukuu wangu wakiamka wako fiti, chai ikiwa na sukari iko fiti, na juzi kijana mmoja alinisifu mimi, kikongwe, kwamba bado niko fiti. Nilimtazama mpaka akaona haya. Hakukosa adabu, maskini. Ni mimi ninayelichukia neno hilo, na nina haki ya kulichukia.

Nilikutana nalo kwanza shule ya misheni, huku kwetu Mbozi, enzi za Waingereza. Bibi wa Kizungu aliyetufundisha kushona alilitumia kwa gauni tu. Gauni likikaa mwilini vizuri, bila kubana makwapani wala kupwaya kiunoni, hilo ni fiti. Lisipokaa, unafumua na kushona upya. Kwangu lilikuwa neno la sindano na uzi, halina ubaya wowote.

Miaka michache baadaye, nikiwa mke wa mtu, neno likarudi limevaa suruali. Safari hii lilitoka Tunduma, kwenye kambi walikoandikishwa wanaume wa kwenda migodi ya kusini. Daktari alimpandisha mtu kwenye mizani, akamgonga kifua, akamsikiliza mapafu, kisha akatamka. Aliyekuwa fiti alifungwa mkononi kamba yenye kibati cha namba. Asiyekuwa fiti alirudishiwa shati lake. Wanaume wakapanda nalo milimani kwetu, na haikupita misimu miwili tukawa tunalitumia sote: maksai fiti, mchumba fiti. Kabla ya hapo tulisema fulani ana nguvu, fulani anaumwa, na anayeumwa leo kesho hupona. Neno la daktari halikuwa na kesho.

Mume wangu alikuwa amekwenda kusini mara moja, akarudi na kikohozi. Alipotaka kwenda tena, daktari alimsikiliza kidogo tu akamrudishia shati. Alitembea siku mbili kurudi nyumbani, na habari ikawa imemtangulia. Kwetu wanaume walilimiana, wote wakilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kisha wakanywa pombe pamoja. Hawakumwita tena. Alipokwenda bila kuitwa, walimpa kazi ya kulinda mitungi.

"Kaa kivulini, kaka," mmoja wao alimwambia. "Daktari kasema hauko fiti."

Nilikuwepo, nasonga ugali wa hao hao walimaji. Nilitamani kuwamwagia maji ya moto.

Tulipofika nyumbani nikataka kumpoza. Nikamwambia lile ni neno la nguo tu, na gauni lisilomkaa mkubwa humkaa mdogo wake. Ulimi hauna mfupa. Papo hapo akamtuma mtu akamwite mdogo wake.

Msituone wajinga. Kwetu mdogo humsimamia mkubwa. Siku za kazi ya barabara ya serikali, mkubwa akiugua, mdogo alichukua jembe akaenda, na mnyapara alihesabu vichwa tu. Barazani kwa chifu ilikuwa vivyo hivyo. Mtu na mdogo wake walikuwa mlango mmoja. Tuliona daktari naye akipata kifua kizima kutoka mlango huo, yamekwisha. Mama mkwe hatukumwambia. Angekataa.

Shemeji alikwenda Tunduma, akapimwa, akaandikwa kwa jina lake mwenyewe, akafungwa kamba, akapewa siku nne za kuaga. Nilimpaka mafuta ya nyonyo mkono mzima na kuivuta ile kamba taratibu mpaka ngozi ikachubuka. Kuiingiza kwenye mkono wa mume wangu sikuhitaji mafuta. Hapo ndipo nilipopaswa kusema basi. Niliona kwa macho yangu jinsi mkono ule ulivyokonda, nami nikakaza fundo.

Mume wangu aliondoka mchana, kibati mkononi, kijiji kizima kikimtazama. Wale wale waliomlindisha mitungi walimbebea mzigo hadi barabara kuu, karibu na Nanyala.

"Kumbe uko fiti, kaka!"

Alicheka kwa furaha mpaka akakohoa, akageuza uso ili nisimwone. Nilimwona.

Kahawa ilipoiva tulikuwa shambani tukichuma, mama mkwe, shemeji na mimi, tarishi wa chifu alipofika na barua kutoka boma. Aliisoma yeye mwenyewe, kofia mkononi. Ilisema mtu wa nyumba hii amefariki mgodini kwa ugonjwa wa kifua na amezikwa huko huko. Kisha akasoma jina. Lilikuwa jina la shemeji.

Mama mkwe alimgeukia mwanawe, aliyesimama hatua tatu kutoka kwake na kikapu cha kahawa. Akapiga vigelegele. Akamshika mabega, akampapasa uso, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Wamemzika mtu mzima mzima! Wazungu na makaratasi yao!"

Majirani walikuja mbio, nao wakacheka. Tarishi alivaa kofia yake, akasema atairudisha barua boma ikasahihishwe. Mama akamwambia asiondoke kabla hajanywa togwa.

Shemeji hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kikapu kimelala upande, kahawa inamwagika miguuni pake.

"Na wewe mwanangu," mama mkwe akaniambia, "mbona hupigi vigelegele? Shemeji yako yu hai!"

Nilimshika mkono.

"Mama," nikamwambia, "kaa chini."