Ndege ya Tano ya Madi

Madi Shee alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, lakini wengi walimjua kama fundi wa mafriji wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kutokea kichochoroni, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikaa humo juu ya kigoda akifufua mafriji ya maduka na feni za misikiti. Hakuwa msemaji. Mkewe, Mwanamkisi, alikuwa akisema kwamba mumewe huzungumza na mashine kutwa nzima, hata akirudi nyumbani maneno yamekwisha.

Kitu kimoja tu kilimfungua kinywa, nacho ni ndege. Si hizi za kupanda watu, bali ndege ndogo za kuundwa kwa mkono, mtu akaziendesha kwa rimoti akiwa amesimama chini. Alianza akiwa na miaka arubaini na sita, siku Mwalimu Jabez alipomletea feni ya shule itengenezwe. Jabez alikuwa Mragoli, mtu wa Vihiga, aliyehamishiwa kufundisha Kililana, upande wa bara. Katika simu yake alikuwa na picha ya ndege aliyoiunda alipokuwa chuo cha ualimu. Madi aliitazama picha ile mpaka feni ikasahaulika. Jabez aliporudi wiki iliyofuata kuchukua feni yake, haikuwa imeguswa, lakini mezani palikuwa na bawa lililokwisha kukatwa kwa lile povu jeupe gumu linalofungiwa friji mpya.

Urafiki wao ulianzia hapo. Jabez aliagiza mota, betri na rimoti kutoka Nairobi. Madi aliunda mabawa, akayatia vijiti vya mishikaki ndani yasivunjike, akayafunga kwa selotepu. Lamu ni mahali ambapo kitu kinachoruka bila kujulikana kinaweza kumtia mtu matatani, kwa hiyo kabla ya kurusha chochote Jabez alikwenda kituo cha polisi na ndege mkononi, akaeleza. Mkuu wa kituo alikuja mwenyewe kuona, akawaruhusu warushe Jumamosi mchana, katika shamba moja la simsim lililokwisha kuvunwa, na wasivuke mipaka ya shamba hilo.

Basi kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri Madi alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda bodaboda na boksi lake magotini. Shambani alimkuta Jabez na mkewe, Edah. Edah alikuwa fundi cherehani. Karibu nusu ya sare za watoto wa Kililana zilipita mikononi mwake. Ndege hazikumshughulisha sana. Alikuja na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, akatandika mkeka, akashona vifungo huku wanaume wawili wazima wakibishana juu ya mkia wa ndege.

Ndege ya kwanza ilivunjika siku ile ile iliporushwa. Ya pili ilidumu mwaka. Madi aligundua kwamba ana mkono mwepesi, kuliko hata mwalimu wake. Kuna jambo gumu katika ndege hizi: ikikujia, kulia hugeuka kushoto. Ikija kwako lazima uigeuze akilini, ujitie ndani yake. Jabez alisumbuka na jambo hilo miaka yote. Madi alilielewa kwa wiki mbili.

Ilikuwa wakati wa ndege ya tatu alipoanza kuipoteza. Ilikuwa ikiruka vizuri mbele yake, kisha ikasogea pembeni ikawa haipo. Aligeuza kichwa, akatafuta, akaipata. Alidhani ni jua. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Ya nne akaiunda kubwa zaidi, akaipaka rangi nyekundu. Ya tano akaifanya kubwa kupita zote, karibu mita mbili toka ncha ya bawa hadi ncha, juu manjano na chini nyeusi tititi. Jabez aliiinua akasema hii sasa imekuwa nzito kama mtoto. Madi akajibu kwamba ndege kubwa hutulia katika upepo. Ni kweli hutulia. Lakini hakuiunda kubwa kwa sababu ya upepo.

Alijua kinachomjia. Baba yake, mshona viatu wa Siyu, alipofuka taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati, na Madi alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka jinsi mzee yule alivyokuwa akigonga bega kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe na kuulaumu mlango. Madi hakumwambia mtu. Akisema, ataambiwa aache kurusha, na baada ya hapo aache kazi. Alijiambia kwamba macho ya katikati bado ni mazuri, na ndege, mradi aiweke katikati, ataiona.

Ndege ya tano ilirushwa mara ya kwanza Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti. Wiki hiyo Jabez alikuwa ameifungia risiva mpya, kile kidude ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, na aliifunga peke yake, nyumbani kwake. Alisimama upande wa pili wa shamba kutazama inavyonyooka. Edah alikuwa nyuma ya Madi, hatua kama kumi hivi kushotoni, akikung'uta mkeka.

Ilizunguka mara mbili bila tatizo. Mara ya tatu ikatoka upande wa kushoto wa macho ya Madi, isirudi. Aligeuza kichwa, akaona mbingu tupu. Aligeuza tena. Aliisikia mota ikija, sauti ikiongezeka, lakini hakujua inatoka wapi wala imeelekeza pua wapi. Jabez alimpigia kelele aiinue. Madi akavuta usukani wa rimoti kwa kubahatisha.

Alijua ndege ilipo aliposikia yowe la Edah.

Edah aliiona dakika ya mwisho, akauinua mkono wa kulia kukinga uso. Propela ikaingia kiganjani, ikapanda mpaka kwenye kifundo. Jabez alikuja mbio, akavua shati, akaufunga mkono ule, na bodaboda mbili zikawapeleka hospitali. Kutoka hapo alipelekwa Mombasa akapasuliwa. Walijaribu kuziunga kano zilizokatika, mbili zikashika, tatu zikakataa. Kidole gumba na kile cha shahada vilibaki vikikunja. Vilivyobaki vilinyooka tu, baridi, kama si vyake. Mkasi hakuweza tena kuushika.

Siku ile ile ya ajali, wakisubiri nje ya chumba cha matibabu, Jabez alizungumza huku anaitazama damu iliyokaukia viatuni mwake.

"Ni risiva, Bwana Madi. Imekata mawasiliano. Niliifunga mimi mwenyewe. Nimemkata mke wangu kwa mikono yangu."

Madi alifungua kinywa kusema. Kilichotoka ni neno moja.

"Huenda."

Neno hilo ndilo lililomla miezi mitano. Kila Jabez alipokuja Amu, yaani mjini Lamu, alikuja na ile risiva mfukoni. Walikaa karakanani, wawili, wakaijaribu. Waliianika juani, wakaitikisa, Jabez akaenda nayo mpaka mwisho wa kichochoro ilhali Madi ameshika rimoti. Haikukosea hata mara moja. Jabez akasema basi kosa limejificha, na kosa lililojificha ndilo baya zaidi. Madi akamshikia waya. Mwalimu alikonda. Aliacha kuimba kwaya kanisani kwao, akaacha kumtazama mkewe akila kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa Januari punda aliyebeba mawe ya kujengea alimpiga Madi kumbo kichochoroni, hatua chache kutoka nyumbani, akaanguka akavunjika mtulinga. Mwanamkisi alimfunga kanga begani, kisha akakaa mbele yake.

"Punda mzima hukumuona?"

Madi akairekebisha kanga begani.

"Baba yako alianza hivi," Mwanamkisi akasema, na kesho yake akampeleka kwa daktari wa macho.

Daktari, binti wa Kikalenjin aitwaye Jepchirchir, alimpima muda mrefu. Alimweleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, limebaki mwanga tu. Kwa la kulia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakitarudi. Akaongeza kwamba hali kama hiyo haikuja jana.

Walipofika nyumbani Mwanamkisi hakuvua hata baibui.

"Siku ile ya Bi Edah, uliiona ndege?"

"Sikuiyona."

"Basi ndia ya Kililana waijua."

Njia hiyo aliishika peke yake, mkono ukiwa umefungwa kifuani. Aliwakuta wote wawili nyumbani. Cherehani ilikuwa pembeni imefunikwa kitambaa. Edah alimletea maji kwa mkono wa kushoto, naye hakuyanywa.

"Mwalimu, si risiva," alisema. "Ni mato yangu. Siku ile ndege nalikuwa siioni."

Jabez aliitazama cherehani iliyofunikwa. Kisha akauliza tangu lini, na Madi akasema tangu ndege ya tatu.

"Nilidhani nimemkata mimi," Jabez alisema polepole. "Ulijua nadhani hivyo. Ukakaa na mimi, ukanishikia waya."

Edah ndiye aliyesema.

"Ungetuambia pale pale shambani, ningekusamehe kabla damu haijakauka. Sasa sijui, Bwana Madi. Sijui kabisa."

Jabez aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na ile risiva, akaiweka mapajani pa Madi. Halafu, kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo siku zote, akamwambia aondoke mapema asije akaikosa boti ya Mokowe.

Hawakuonana tena. Muhula ulipokwisha Jabez aliomba uhamisho, wakarudi Vihiga, na Madi alizipata habari hizo sokoni kutoka kwa mtu mwingine. Alizikata ndege zake vipande vipande, povu lake akazibia mafriji ya wateja. Mwaka uliofuata alijichoma kwa moto wa gesi mara mbili, akafunga karakana. Sasa binti yake, Lubna, anauzia mabaibui humo. Mwanamkisi humtia matone asubuhi na jioni, na jicho la kulia bado linachungulia, kidogo zaidi kuliko mwaka jana.

Edah alipiga simu mara moja, siku ya Idi, miaka miwili baadaye. Alimtakia heri, akauliza hali ya macho, akasema amejifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, ila mstari bado unapinda. Madi aliuliza kama Mwalimu yupo karibu.

"Yupo hapa," Edah alisema. Akaiweka simu chini, Madi akasikia kiti kikisogezwa na mlango ukifunguliwa. Kisha Edah akarudi. "Ametoka nje," alisema, na wakaagana.